Kupima Damu Kabla ya Ndoa: Karatasi Ni ya Nani?

Neno la kusoma nyumbani: Mambo ya Walawi 13, Mathayo 1:18-25

Tangu tulipoanza mafundisho juu ya ndoa katika kipindi cha jioni, ulizo moja limetufikia kuliko mengine yote. Wengine wameliandika kwenye kikaratasi na kukiacha mlangoni, wengine wametutumia ujumbe wa simu, na wengine wametungojea nje baada ya ibada wakasema kwa sauti ya chini. Wanauliza kama kanisa lina haki ya kuwalazimisha wachumba kupima virusi vya sida kabla ya kuwabariki. Wanauliza pia kama ni vizuri mchungaji adai karatasi ya laboratwari katika anvelope iliyofungwa, naye aifungue peke yake ofisini kwake.

Katika makanisa yetu ya Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, komini ya Kisangani na ng'ambo ya mto kule Lubunga, desturi si moja. Kuna mahali ambapo wachumba hawaulizwi kitu. Kuna mahali wanashauriwa tu. Na kuna mahali ambapo pasipo karatasi jina halitangazwi madhabahuni. Tumeona ni vema tueleze jambo hili polepole kwa maandishi, kwa sababu redioni dakika hazitoshi na mwenye aibu hawezi kupiga simu hewani.

Tuanze kwa kuwapa haki yao wale wanaosema kupima kuwe lazima, maana hawasemi hivyo kwa ukali wa moyo. Wachungaji wengi wamekaa na mama kijana aliyeingia katika ndoa akiwa amejitunza, akapata mimba, akaenda kupimwa mimba kwenye kituo cha afya kama wamama wote, na huko ndiko akaambiwa kwamba ana virusi. Hajawahi kujua mwanaume mwingine. Anarudi nyumbani na jibu hilo na mtoto tumboni, na mara nyingine ni yeye anayefukuzwa, ati ndiye aliyeleta ugonjwa, kwa kuwa ndiye aliyepimwa kwanza. Mchungaji aliyeona hayo mara mbili au tatu, akakumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeweka mikono juu ya vichwa vya wawili hao, hawezi kulala vizuri. Anasema: afadhali niwalazimishe wakasirike kuliko nimzike binti wa watu. Hatumcheki mtu wa namna hiyo.

Wengine wanaleta Maandiko. Wanasema katika Mambo ya Walawi, sura ya 13, kuhani ndiye aliyemwangalia mtu mwenye alama juu ya ngozi, akatamka kama ni safi au si safi. Basi, wanasema, mchungaji wa leo naye aangalie karatasi na atamke. Tumeisoma sura hiyo tena na tena, na tunawaomba muisome wenyewe kwa utulivu. Mtaona kwamba kuhani hakukata neno siku ile ile. Penye mashaka alimtenga mtu siku saba, akamwangalia tena, na mara nyingine akaongeza siku saba nyingine. Mtaona pia kwamba ugonjwa ule ulionekana kwa macho, kijiji kizima kiliuona. Virusi vya sida havionekani usoni. Mtu anaweza kukaa navyo miaka mingi anaimba katika kwaya na kucheza mpira, mnene na mwenye nguvu. Kwa hiyo mchungaji anayefungua anvelope hatangazi kitu ambacho watu walikuwa wakikiona tayari. Anashika siri ambayo haikuwa yake.

Lakini zile siku saba zina somo kwetu, kwa sababu hata kipimo cha leo kina wakati wake wa kungoja. Muuguzi anachoma ncha ya kidole, anachukua tone la damu, analiweka juu ya kijiti cha kupimia, na katika muda wa karibu dakika 15 au 20 jibu linaonekana. Kijiti hicho hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili unawaunda ili kupigana navyo. Mwili unahitaji majuma kadhaa kuwaunda askari hao, na kwa watu wengine inafika hata miezi 3. Mtu aliyeambukizwa juma lililopita akipimwa leo anaweza kuonekana hana kitu, na huku ndizo siku ambazo virusi vimejaa damuni mwake na anaweza kumwambukiza mwenzake kwa urahisi sana. Ndiyo sababu waganga wanaomba mtu aliyejiweka hatarini karibuni arudi baada ya miezi 3. Na kijiti cha kwanza kikionyesha kwamba virusi vipo, hawakati neno hapo. Wanapima tena kwa vijiti vya aina nyingine kabla ya kumpa mtu jibu.

Sasa fikirini desturi ya karatasi moja iliyopigwa muhuri Jumatano ili arusi ifanyike Jumamosi. Karatasi hiyo inasema habari za damu ya mtu kama ilivyokuwa majuma mengi yaliyopita. Haisemi kitu juu ya mwezi huu, wala juu ya mwaka ujao. Tumesikia watu wakiiita cheti cha usafi, na jina hilo linatutia hofu, maana mwenye kukipata anafikiri amemaliza. Tena penye karatasi inayofungua mlango wa arusi, pana pia mtu wa kuiuza karatasi hiyo. Kila anayeishi katika mji huu anajua kwamba muhuri unaweza kununuliwa. Kijana anayejua hali yake na kuiogopa ndiye wa kwanza kutafuta karatasi ya kununua, na huyo ndiye hasa tuliyetaka kumsaidia.

Kuhusu Leta: nchi yetu ina sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008, inayolinda haki za watu wanaoishi na virusi vya sida na za wale wanaoguswa na ugonjwa huo. Ilirekebishwa mwaka 2018. Sheria hiyo inasema kupima ni kwa hiari ya mtu mwenyewe, baada ya kuelezwa na kukubali, na jibu ni siri. Inakataza pia kumtenga mtu kwa sababu ya hali yake. Jirani zetu wa Kenya, katika sheria waliyoitunga mwaka 2006, walitaja ndoa waziwazi: hakuna ruhusa kumlazimisha mtu kupima kama sharti la kuoa au kuolewa. Mkristo anaweza kusema kanisa lina sheria yake iliyo juu, nasi tunajua kuna nyakati za kusema hivyo. Lakini hapa hatuoni amri ya Mungu inayovunjwa tukitii. Kumwomba mtu, kumfundisha na kumsindikiza, hakuna Leta inayokataza.

Kuna nchi iliyojaribu njia ya lazima, nayo inafaa kuangaliwa. Katika Marekani, jimbo la Illinois lilianza mwezi wa Januari 1988 kumdai kila mchumba kipimo cha virusi kabla ya kupewa ruhusa ya ndoa. Katika miezi 6 ya kwanza walipimwa watu 70,846, na waliokutwa na virusi walikuwa 8. Lakini ruhusa za ndoa zilizotolewa jimboni zilipungua kwa zaidi ya 22 katika kila 100, na wakaaji wa Illinois waliokwenda kuoana katika majimbo ya jirani wakaongezeka. Mwaka uliofuata sheria ikafutwa. Mtu atasema Illinois si Kisangani, na ni kweli. Hapa virusi vimeenea zaidi kuliko kwa wale wachumba wa kule. Katika uchunguzi mkubwa wa afya uliofanyika katika nchi yetu nzima mwaka 2013 na 2014, watu wazima wenye virusi walikuwa karibu 12 katika kila 1,000, na wamama walikuwa wengi kuliko wababa. Kwa hiyo tukipima tutawapata wengi zaidi. Lakini tabia ya mwanadamu ni ile ile. Wao walivuka mpaka wa jimbo. Wa kwetu watavuka mto kwa pirogi kwenda kutafuta mchungaji asiyeuliza kitu, au wataishi pamoja bila baraka, kisha tutawahubiri kwamba wanaishi katika dhambi.

Turudi kwenye anvelope. Wachungaji wengi ni waaminifu na hawawezi kufungua kinywa. Tatizo ni kwamba siri hii haihitaji kinywa ili itoke. Majina yametangazwa Jumapili ya kwanza, Jumapili ya pili hayatajwi tena. Mahari imepokelewa, kitenge cha familia kimekwisha gawanywa kwa mafundi, na ghafula mchungaji anasema tuendelee kuomba. Kartié nzima inajua. Mashangazi wanaanza kumtazama binti miguuni na mikononi kutafuta alama. Pengine hata siye yeye mwenye virusi, ni kijana. Pengine hakuna mwenye virusi hata mmoja, waligombana tu juu ya feza. Lakini watu wamekwisha kuamua. Na huyo binti atachukua miaka kabla ya mtu mwingine kubisha hodi kwa baba yake.

Hapo ndipo tunaomba muangalie Mathayo, sura ya kwanza. Yosefu alipata habari nzito juu ya mchumba wake kabla hawajakaa pamoja. Kwa sheria ya siku zile angeweza kumpeleka mbele ya watu. Maandiko yanamwita mtu wa haki, na alama ya haki yake hapo ni kwamba hakutaka kumwaibisha Maria. Alifikiri jinsi ya kumaliza jambo kwa siri. Alikuwa bado hajaota ndoto, hajamwona malaika, hajui kwamba mimba ile ni ya Roho Mtakatifu. Alikuwa anamlinda mtu aliyemdhania kuwa na kosa. Wahubiri wengi tunakimbilia malaika na kuliruka jambo hilo. Kama Yosefu alimfunika mtu aliyemdhania hivyo, sisi tunapata wapi ruhusa ya kumfunua mtu ambaye pengine aliambukizwa na mama yake siku ya kuzaliwa?

Maana ndivyo ilivyo. Wapo vijana wengi makanisani waliozaliwa na virusi, wamekuwa kwa dawa, wamehitimu masomo, na sasa wanataka kuoa na kuolewa. Wapo waliobakwa wakati wa vita. Wapo waliopata kwa mume mmoja wa halali. Na virusi hivi havikuja jana na kizazi cha simu na muziki, kama wazee wanavyopenda kusema. Mwaka 2014 wachunguzi walilinganisha virusi vilivyohifadhiwa kutoka sehemu nyingi, wakaonyesha kwamba ugonjwa ulianza kuenea kutoka Kinshasa karibu na miaka ya 1920, ukasafiri kwa reli kwenda kusini na kwa mto kupanda huku kwetu. Ulifika Kisangani wakati mji ungali unaitwa Stanleyville, kabla ya uhuru. Babu zetu walipanda meli na ugonjwa huo bila mtu kuujua jina. Anayeusimulia kama alama ya dhambi ya mtu mmoja hajui historia ya mto wake mwenyewe.

Basi sisi tunasema nini? Tunasema wachumba wote wapime, na kanisa liwahimize kwa nguvu zake zote, bila haya. Lakini jibu ni la hao wawili. Mchungaji asilidai, kamati ya ndoa isilidai, wasimamizi wa ndoa wasilidai, wala wazazi. Kanisa likitaka kitu cha kuweka katika faili yake, na liombe neno moja tu, kwamba fulani na fulani walikwenda pamoja kwa muuguzi, wakafundishwa, wakaeleweshwa. Karatasi hiyo inafanana kwa kila mtu, awe na virusi au asiwe navyo, kwa hiyo haiwezi kumsaliti mtu.

Na jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko yote ni wakati. Kwa desturi tunapima mwishoni, baada ya kujulisha familia, baada ya mahari, baada ya kwenda kwa Leta, wakati mialiko imekwisha kuchapwa. Hiyo ni kumweka mtu kwenye ukingo wa maporomoko ya Wagenia kisha kumuuliza kama anataka kurudi nyuma. Kwa feza iliyokwisha kutoka hakuna anayeweza kuamua kwa uhuru. Yule asiye na virusi anaweza kukubali ndoa kwa kuogopa aibu, au kukimbia kwa hasira, na yote mawili si uamuzi. Afadhali wachumba wapime mapema, wakati ni wao wawili na mchungaji wao tu wanaojua nia yao, kabla mjomba hajaitwa na kabla nyimbo hazijaanza. Wakati huo wakiamua kuachana, wanaachana kama vijana wengine wengi wanavyoachana, na hakuna anayeuliza sababu. Wakiamua kuendelea, wanaendelea wakijua. Tena miezi 3 ya kungoja kipimo cha pili inapata nafasi ndani ya muda wa mafundisho ya ndoa, bila mtu kuhesabu Jumapili.

Mtu mmoja alituuliza hivi: mkisema waendelee wakijua, je, mnaruhusu mwenye virusi amwoe asiye navyo? Hapa wengi wetu bado tunafikiri kama miaka ya 1990, wakati jibu la kipimo lilikuwa hukumu ya kifo. Dawa zimebadilisha mambo sana. Leo watu wengi wanameza kidonge kimoja kwa siku, ndani yake mna dawa tatu. Akikimeza bila kuruka siku, baada ya miezi kadhaa virusi katika damu vinapungua hata mashine ya kupimia haivioni. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa jozi 1,763 katika nchi 9, mmoja akiwa na virusi na mwenzake hana. Pale ambapo mwenye virusi alianza dawa mapema, maambukizo kwa mwenzake yalipungua kwa 96 katika kila 100. Miaka 5 baadaye ulitoka uchunguzi mwingine uliofanyika Ulaya, wa watu 888 wenye virusi waliokuwa wakitumia dawa vizuri, pamoja na wenzi wao. Walikutana kimwili bila kinga mara zaidi ya 58,000, na hakuna hata mwenzi mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Waganga wanasema leo bila kusitasita: virusi visivyoonekana kwa mashine haviambukizi kwa njia ya tendo la ndoa. Kwa watoto vilevile. Pasipo dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 wanaambukizwa na mama zao. Mama akitumia dawa vizuri, ni chini ya 5.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: hatumlazimishi mtu aoe mwenye virusi, wala hatumkatazi. Anayesema siwezi, asiitwe mwenye imani haba. Anayesema naweza, asiitwe mwenda wazimu. Wote wawili wakae mbele ya muganga kwanza, waulize maulizo yao yote, hata yale ya chumbani ambayo sisi wachungaji tunaona haya kuyajibu.

Mfano uko karibu, Uganda. Gideon Byamugisha, mtumishi wa kanisa la Anglikana, alifiwa na mke wake mwaka 1991. Baadaye akajua kwamba ni sida iliyomchukua, akapima, akajikuta ana virusi. Mwaka 1992 akasema mbele ya watu, wakati hapakuwa na mtumishi wa dini mwingine katika Afrika aliyethubutu. Mwaka 1995 alimwoa Pamela, mjane mwenye virusi kama yeye, na Mungu akawapa watoto wasio na virusi. Wangekuwa chini ya desturi ya anvelope, majina yao yasingetangazwa mahali popote.

Sasa tuje kwenye jambo linalotugusa sisi Wapentekoste. Mwenye virusi anaombewa katika mkesha, anasikia moto mwilini, anashuhudia kwamba ameponywa. Anaacha dawa, na mwezi ujao anataka kuoa. Hatukatai kwamba Mungu anaponya, ndiyo imani yetu na tumeona mengi. Lakini Yesu alipowaponya wenye ukoma kumi, katika Luka 17, hakuwatuma kushuhudia madhabahuni kwanza. Aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kukagua. Aliyeponywa haogopi kukaguliwa. Tena kuna kosa linalorudi mara kwa mara. Mtu anakwenda kupima wingi wa virusi, anaambiwa havionekani, anaruka kwa furaha akisema vimekwisha. Dawa ndiyo inayovifunga. Vimejificha, na siku anapoiacha vinafungua mlango na kutoka, na ndipo anapomwambukiza mke aliyemwamini. Mchungaji anayemwambia mtu atupe vidonge ili kuonyesha imani anacheza na watu wawili, na mmoja wao hakuombewa. Na aliye katika dawa aendelee kumeza hata akiwa ndani ya mfungo. Muganga atampangia saa.

Linabaki ulizo gumu kuliko yote. Mmoja anakuja kwa mchungaji peke yake, usiku, anakiri: nina virusi, mchumba wangu hajui, usimwambie. Afanye nini? Mchungaji hana ruhusa ya kwenda kumwambia yule mwingine. Akifanya hivyo leo, kesho hakuna mtu atakayekuja kukiri kwake. Lakini pia hawezi kusimama madhabahuni na kubariki uongo. Amwambie wazi: nitakusindikiza, nitakaa kando yako wakati unamwambia, na kama unataka tutakwenda kwa muuguzi atusaidie, lakini mpaka utakapomwambia sitaweka tarehe. Sheria ya nchi iko upande huo. Inamtaka anayejua kwamba ana virusi awajulishe mwenzi wake wa ndoa na wale anaokutana nao kimwili. Mchungaji apewe subira, majuma si siku. Tumeona kwamba wengi wanasema ukweli wakipata mtu wa kukaa kando yao. Akikataa kabisa, mchungaji ajitoe katika arusi hiyo kwa sababu zake, bila kueleza.

Neno dogo kwa wale wanaotuuliza juu ya SS, maana watu wanachanganya. Hicho ni kipimo kingine na habari nyingine. Hali ya AA, AS au SS mtu anazaliwa nayo, haiambukizi, haibadiliki, na ukipima mara moja imetosha kwa maisha. Hapa Kisangani watoto wachanga walipochunguzwa, zaidi ya 20 kati ya 100 walikutwa na AS. Wakioana AS na AS, kwa kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto SS. Pimeni hicho pia, na mapema vilevile. Lakini msiweke majibu hayo mawili katika kikapu kimoja. Watu wanaliogopa la SS kidogo kuliko lile la virusi, jambo ambalo hatujaweza kulielewa.

Kuhusu namna ya kwenda: kipimo kinapatikana katika hopitali za mji na katika vituo vya afya vingi. Nendeni wawili, semeni tangu mlangoni kwamba ninyi ni wachumba na mnataka kuelezwa na kupewa jibu pamoja. Muuguzi atawauliza kila mmoja kando kama anakubali. Msikasirike, ni kazi yake. Mkikutwa hamna virusi wote wawili, ulizeni mrudi lini. Mkikutwa navyo, mmoja au wote, dawa zinaanzishwa bila kukawia, na msiondoke kabla ya kujua siku ya kurudi na jina la atakayewapokea.

Na kwa ninyi ambao mchumba yuko mbali, Kinshasa au kwenye machimbo, anayesema atapima huko na kutuma picha ya karatasi kwa simu: msiikubali picha, wala msimtumie ya kwenu. Picha haina mwenyewe, inazunguka, na hamwezi kujua ni damu ya nani. Mngojeni. Meli inachelewa lakini inafika. Akishuka bandarini, apumzike, ale, asalimie wazazi. Kisha nendeni pamoja, na baada ya miezi 3 nendeni tena.